Ambili na Tundu Lililolala

Ambili alikuwa na vidole vyepesi vya kusomea, na ulimi mwepesi zaidi. Surua ilimpofusha kabla hajaanza shule. Mama yake, Thankam, fundi cherehani wa mji mdogo wa Irinjalakuda, alilia msimu mzima wa mvua, kisha akafuta machozi, akamshika mkono mwanawe na kumpeleka shule ya wasioona mjini Thrissur. Huko ndiko alikojifunza kusoma nukta nundu, kugombana na kutumia kompyuta, na yote matatu akayamudu vizuri. Alipokuwa mtu mzima akaajiriwa na kampuni moja ya mjini Kochi kuandika programu. Kazi aliifanyia nyumbani, kwenye chumba cha mbele: cherehani ya mama upande huu, kompyuta yake upande ule, na katikati kapu la vipande vya vitambaa ambalo kila mgeni lazima ajikwae.

Majirani walimjua tu kama yule binti wa Thankam mwenye heleni kubwa, anayebishana na makondakta. Wachache walijua kwamba nje ya saa za kazi alikuwa mmoja wa watu wanaoutunza ule mfumo endeshi huria unaotumika kwenye kompyuta za shule jimbo zima. Mfumo ule hauna tajiri mmoja; unaandikwa na watu waliotawanyika duniani, na yeyote mwenye akili na subira anaweza kuleta marekebisho, yakakubaliwa au yakatupwa. Ya Ambili yalikuwa madogo madogo, ya kuziba ufa hapa na kusawazisha pale. Hakuna aliyewahi kumkatalia, na hakuna aliyewahi kumsifu.

Kazi zake zote alizisoma kwenye ubao wa nukta. Ni kifaa chembamba kinachowekwa mbele ya kibodi, chenye safu ya vijipini vinavyopanda na kushuka, vikiandika kwa nundu yale yaliyo kwenye skrini, mstari mmoja baada ya mwingine. Waya wake huingia kwenye tundu la USB. Alikuwa pia na ile sauti ya kompyuta inayosoma kila kitu kwa haraka, nayo yafaa sana kwa magazeti na porojo; lakini kuandika programu kwa kusikiliza tu, ambako mkato mmoja ukikosewa kazi yote inaharibika, ni sawa na kuchambua mchele huku umevaa glavu.

Basi lilipokuja toleo jipya la mfumo, ubao ule ukaanza kufa. Ambili anasoma, mara vijipini vyote vinaanguka kwa pamoja na vidole vinabaki juu ya kitu laini kama sahani. Anachomoa waya, anauchomeka tena, ubao unafufuka. Anaendelea kidogo, unakufa.

"Dada, umeumwagia chai?" Shaiju alimuuliza kwa simu. Shaiju alikuwa mfanyakazi mwenzake, mdogo kwake kwa umri, mwenye macho mawili mazima na mizaha isiyokwisha.

"Chai mimi huwa nakunywa, simwagi. Aliyemwagia kibodi ya kampuni mchuzi wa sambar tunamjua."

"Hiyo kesi ilishafungwa."

"Ilifungwa kwa sababu ushahidi ulilambwa."

Ambili aligundua mapema kwamba tatizo lilianzia kwenye usingizi. Toleo jipya lilikuwa limejifunza kubana umeme: tundu la USB likikaa kimya kwa muda mfupi tu, mfumo hulilaza. Akauzima usingizi huo kwenye kompyuta yake, na ubao ukaacha kufa. Hakujua kosa hasa liko wapi, lakini kazi za kampuni zilikuwa zimemzidi, akaona heri afunike kombe mwanaharamu apite.

Kombe lilifunuliwa na Ouseph Mash. Huyu alikuwa mwalimu wake wa zamani kule Thrissur, na "Mash" kwa lugha ya kwao ndiyo mwalimu; naye mwenyewe haoni, mtu wa sauti nene aliyefundisha vizazi vya watoto kusoma kwa vidole. Alipiga simu asubuhi moja mvua ikinyesha.

"Mwanangu, una nafasi ya kusikia aibu yangu?"

"Sema, Mash."

"Tumepewa mbao za nukta na wafadhili, kila darasa. Watoto wamefurahi, mimi nimefurahi. Sasa zinakufa ovyo. Wakili Ramankutty, mwenyekiti wetu wa kamati, anasema ni takataka, zirudishwe, turudi kwenye vitabu vya karatasi. Kamati inakaa kabla ya sikukuu ya mavuno, Onam."

"Zimeni usingizi wa matundu, Mash. Mimi nilifanya hivyo."

"Tulifanya, kuna kijana alituelekeza. Kompyuta zetu ni ndogo, zina betri kama roho ya kuku. Umeme unakatika kila mvua ikinyesha, na mvua ndiyo hii unaisikia. Tukizuia usingizi, betri haifiki hata mwisho wa somo." Akakohoa. "Na jambo lenyewe la aibu ni hili: mikononi mwa watoto zinakufa mara mojamoja. Mikononi mwangu zinakufa kila saa. Wananiita Yama, mtoa roho."

Ambili alicheka hadi mama yake akasimamisha cherehani kusikiliza. Lakini alipokata simu hakucheka tena. Alikuwa na dawa ya kutuliza maumivu, akaimeza peke yake na kulala, huku shule iliyomtoa gizani ikiendelea kuugua. Kesho yake akapanda basi.

Ouseph Mash alimpokea kwa chai na ndizi za kukaanga, kisha wakaketi darasani kwenye benchi moja. Mash akaanza kusoma gazeti kwenye ubao, vidole vyake vikikimbia. Haukupita muda mrefu, akanyanyua mikono.

"Umeshakufa huo. Gusa."

Ambili akagusa. Sahani tupu. Akaufufua, akajaribu yeye mwenyewe kwa kubonyeza kitufe cha mbele kila mstari ulipoisha. Alisoma ukurasa mzima salama. Akauacha ugeuze mistari wenyewe, kwa maana mbao zile zinaweza kupangiwa mwendo zikawa zinageuza bila kubonyezwa. Ukurasa mwingine, salama. Akamrudishia Mash. Ukafa.

"Unaona?" Mash alisema kwa unyonge. "Mimi nina mkosi."

"Subiri, Mash. Wewe unaugeuza mwenyewe au unauacha ugeuke?"

"Nimeupangia ugeuke. Ila unachelewa. Nikimaliza mstari siwezi kungoja kama abiria, nabonyeza."

"Kwa hiyo mnagombania mstari, wewe na mashine."

"Huwa namshinda."

Ambili akashika kikombe chake bila kunywa. Wanaobonyeza tu, salama. Wanaoacha tu, salama. Mwenye kidole kinachokwenda sambamba na mashine, ndiye anayeua. Naye nyumbani, ubao wake ulikuwa ukifa lini? Akakumbuka: ujumbe wa wenzake wa kazini ulipokuwa ukiingia wakati huohuo anabonyeza kitufe. Akamwomba Mash asome tena, na tena, na kila ubao ulipokufa mzee alisema "Mungu nisamehe," naye Ambili akasema, "Vizuri sana, ua mwingine."

Akarudi nyumbani, akauwasha upya usingizi wa matundu na kukifungua kiendeshi, kile kipande cha mfumo kinachosimamia matundu ya USB. Akakiamuru kitaje kila kinachofanya. Kwa kuwa ubao ungekufa katikati ya jaribio, ilimbidi ayasikilize majibu kwa ile sauti ya haraka, mistari maelfu, namba na herufi zikimiminika.

"Hilo nyigu lako lina nini siku hizi?" Thankam alilalamika. "Nimeshona mkono wa blauzi mahali pa shingo."

"Linanisimulia umbea, Mama."

"Mwambie apunguze. Mteja ana shingo moja."

Kwa muda Ambili alifuata njia isiyo yenyewe. Alidhani kifaa kinachelewa kuamka, akaongeza muda wa kungoja, ubao ukaendelea kufa. Akautoa muda ule, akanuna, akaosha nywele, akala muhogo na samaki bila kuonja ladha. Kisha akaanza upya, na safari hii hakusikiliza kilichotokea ubao ulipokufa. Alisikiliza kilichotokea punde kabla.

Hapo ndipo alipolikamata kosa. Tundu lililolala huamshwa kwa njia mbili. Kompyuta ikiwa na la kuandika, huliamsha kutoka ndani. Msomaji akibonyeza kitufe, ubao huliamsha kutoka nje. Kila njia ikiwa peke yake, mambo ni shwari. Lakini zikikutana, kiendeshi kilikwenda kuliamsha tundu kikalikuta limekwisha kuamka. Amri yake ikakataliwa. Nacho badala ya kuuliza kulikoni, kikahitimisha kwamba kifaa kimekatika, kikakifuta.

"Ni hivi," alimweleza Shaiju kwa simu, akitembea huku na huku hadi akajikwaa kwenye kapu lake mwenyewe. "Mke kaenda kumwamsha mumewe. Kakuta kitanda kitupu. Katoka nje kapiga yowe, mume wangu kafa. Majirani wamejaa, mchango umepitishwa. Kumbe mume yuko bafuni anapiga mswaki."

"Na wewe umefanya nini?"

"Nimemwambia mke agonge mlango wa bafu kwanza."

Marekebisho yenyewe yalikuwa mistari michache: amri ikikataliwa, kiendeshi kiangalie hali ya tundu, kikilikuta macho, kifurahi na kuendelea na kazi. Ambili aliyaandika, akayajaribu, akasoma kwa kushindana na mashine kama Mash hadi vidole vikamuuma. Ubao haukufa. Aliandika maelezo kwa unadhifu, akayatuma kwa msimamizi wa sehemu ile ya mfumo, mtu wa Poland aitwaye Witold, ambaye anajulikana kwa majibu mafupi kama makofi.

Jibu lilikuja siku ileile. Kifaa chenu ni kibovu, aliandika Witold. Vifaa vya aina hiyo hutengenezwa kwa uchache na bila uangalifu. Sitagusa njia inayopitiwa na kila kompyuta duniani kwa ajili ya kifaa kimoja. Kiwekeni kwenye orodha ya vifaa visivyoruhusiwa kulala.

Ambili alilisoma kwa vidole, akalisoma tena. Ilimkera ile "chenu". Ilimkera zaidi kwamba orodha ile ndiyo dawa ileile ya kutuliza, iliyokuwa ikinyonya betri za shule. Akampigia Mash kumwambia kuwa anao uponyaji, ingawa wenye mfumo bado hawajaukubali.

"Ramankutty hatakubali dawa ya uchochoroni," Mash alisema. "Nimemsikia mwenyewe. Anasema kama wenye mfumo hawaitaki, keshokutwa ukija mfumo mpya tutarudi palepale. Na hapo, mwanangu, siwezi kumbishia. Ni kweli."

"Basi wataitaka."

"Unasema hivyo kama mama yako alivyokuwa akiniambia. 'Atasoma.' Hakuuliza, alinipa taarifa."

Ambili alikaa barazani akifikiri, mvua ikipiga mabati. Witold hana ubao wa nukta, wala hajui mwenye nao. Kwake yeye huo ni ugonjwa wa nchi ya mbali. Itabidi augulie nyumbani kwake. Ni kitu gani, basi, ambacho kila mwenye macho anacho mezani, kinachoiambia kompyuta jambo na vilevile kuambiwa? Kipanya hakifai, kipanya husema tu, hakisikilizi. Akafikiri kidogo zaidi, akampigia Shaiju.

"Kibodi ina taa?"

"Ya herufi kubwa? Ipo. Ukibonyeza inawaka."

"Nani anaiwasha? Kibodi yenyewe?"

"Sijawahi kujali."

"Ni kompyuta inayoiamuru iwake. Na ukichomeka kibodi mbili, ukabonyeza kwenye moja, taa zinawaka kwenye zote mbili. Njoo na kibodi mbili. Ile ya sambar pia inafaa."

Shaiju alikuja kwa pikipiki, kibodi zikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, na Thankam akampa taulo na puttu ya moto ya unga wa mchele kabla hajaruhusiwa kugusa chochote. Kisha wakaziweka mezani sambamba, wakaziacha zilale. Ambili alishika ya kwanza, Shaiju ya pili.

"Nikisema sasa, tubonyeze pamoja. Mimi herufi kubwa, wewe chochote."

Wakabonyeza. Taa ikawaka kote kote. Wakaacha zilale, wakabonyeza tena. Ikazimika kote kote, kama kawaida. Shaiju akaanza kuimba wimbo wa boti ili wapate mwendo mmoja, kama wapiga makasia, na Thankam naye akaanza kupigia mapigo kwa mkasi juu ya meza yake. Wakabonyeza, wakangoja, wakabonyeza.

"Eh," Shaiju akasema.

"Nini?"

"Yangu imeganda. Nabonyeza, hakuna kitu. Dada, imekufa. Hii ni kibodi ya kawaida kabisa, inauzwa kila duka."

"Chomoa, chomeka."

"Imefufuka."

Ambili alinyoosha mikono juu kama mtoto, heleni zikagongana na shingo. Kisha akaketi kuandika, na hakuandika mengi. Alimshukuru Witold kwa muda wake. Akamwomba achukue kibodi mbili zake mwenyewe, za aina yoyote anayoiamini, aziache zilale, na amwite mtu wa nyumbani kwake amsaidie kubonyeza. Akamweleza namna. Hakuongeza neno la uchungu, ingawa alikuwa nalo tayari, tena tamu. Thankam ndiye aliyemzuia: "Umeshamkata, usimpake ndimu."

Siku mbili kimya. Ya tatu, Ambili akiwa anakunywa chai, jibu likapanda chini ya vidole vyake.

Nimeua kibodi yangu, aliandika Witold. Kisha mke wangu akaua ya kwake. Tumejaribu za ofisini, nazo zikafa. Nilikosea, kifaa chenu hakina kasoro, kasoro ni yetu, na ilikuwamo tangu tulipoleta usingizi. Watu wengi wametuandikia kwamba vifaa vyao vinapotea bila sababu, tukawaambia wanunue waya mpya. Marekebisho yako nimeyachukua yote kama yalivyo, yataingia kwenye toleo hili na matoleo ya zamani pia.

Ambili aliita, "Mama," basi. Thankam alikuja na pini mdomoni, na Ambili akamfasiria jibu lile neno kwa neno. Mama alitoa pini, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake. "Kaua ya kwake?" akauliza. "Na ya mkewe." Thankam akaketi kitini, akacheka taratibu, kicheko cha mtu aliyekisubiri tangu msimu ule wa mvua wa zamani, akavuta kichwa cha mwanawe kifuani na kukibusu kwa nguvu.

Siku ya kamati walikwenda wote watatu, mama, binti na Shaiju. Ambili na Shaiju walitangulia kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta za shule, safari hii ukitoka kwa wenyewe, na usingizi wa matundu umewashwa. Wakili Ramankutty alikuwa mtu wa haki, mkavu lakini wa haki. Aliketi mbele na wanakamati wake, akasema kwamba hapendi maneno, anataka kuona.

Ouseph Mash akaletewa ubao. Darasa lilikuwa limejaa, watoto hadi madirishani. Akaupangia ugeuke, akaweka vidole, akaanza kusoma gazeti kwa sauti, akishindana na mashine kama kawaida yake, akibonyeza kila alipoona inachelewa. Habari za bei ya utomvu wa mpira. Habari za daraja. Watoto walinyamaza wakingojea mauti. Akamaliza ukurasa wa kwanza. Akaongeza mwendo. Akapita ukurasa wa michezo, akapita matangazo ya ndoa, na hapo sauti yake ikaanza kutetemeka kidogo, kwa maana katika maisha yake yote hakuwahi kulisoma gazeti la siku ileile mpaka matangazo ya ndoa.

"Inatosha, Mash," Wakili alisema. "Nimeridhika. Mbao zinabaki."

Mash hakuinua vidole. "Samahani, mwenyekiti. Kuna bwana harusi hapa, mhandisi, anatafuta mke. Ngoja nijue anataka wa namna gani."

Darasa likaangua kicheko, watoto wakapiga madawati, na wa madirishani wakaanza kuimba jina la Ambili. Wakili alisimama akauliza huyo binti yuko wapi, na Thankam, aliyekuwa amejikunyata nyuma, akamsukuma mwanawe mbele kwa mikono miwili. Ambili hakuwa na hotuba. Alisema tu kwamba aliyelipata kosa ni Mash, kwa kukosa subira, na kwamba anaomba watoto wafundishwe kukosa subira vilevile.

Mchana kulikuwa na karamu ya shule ya kuikaribisha Onam, majani ya migomba yametandikwa ukumbini safu kwa safu. Watoto waligombania kuketi karibu naye. Shaiju alimwelekeza vyakula vilipo kwenye jani kwa kufuata mishale ya saa, parippu ya dengu hapa, avial ya mboga pale, achari juu kabisa, na mara moja akamdanganya makusudi akachovya kidole kwenye achari, naye Shaiju akapigwa kibao cha bega. Payasam, ule uji mtamu wa maziwa, ilipofika, mgawaji alimwekea kwa ukarimu na kupita. Ambili akaimaliza, akafuta jani kwa kidole, akamwita arudi.

"Weka tena," alisema. "Leo usinipimie."